Macho ya manjano na saratani ya kifuko cha nyongo: vipimo na matibabu



Ukichinja kuku au mbuzi unajua kwamba nyongo hutolewa kwa uangalifu. Ikipasuka, ini lote huwa chungu na halilika. Binadamu naye ana kifuko kama hicho. Kimejificha chini ya ini, upande wa kulia, pale mbavu za mwisho zinapoishia. Umbo lake ni kama parachichi dogo lenye shingo, na hubeba nyongo ya kiasi cha vijiko vya chakula viwili au vitatu tu. Ini ndilo linalotengeneza nyongo mchana na usiku. Kifuko huiweka akiba, na ukila chakula chenye mafuta hujikamua na kuisukuma nyongo kupitia mrija mwembamba hadi utumboni, ikasaidie kuyeyusha mafuta hayo. Mtu akiondolewa kifuko kwa upasuaji anaendelea kuishi vizuri, kwa sababu nyongo hupita moja kwa moja kutoka kwenye ini kwenda utumboni.

Tunaanza na maelezo haya kwa sababu neno «nyongo» limekuwa jina la kila ugonjwa. Mtu akitapika maji ya kijani asubuhi, husemwa ana nyongo. Kinywa kikiwa kichungu, nyongo. Malaria ikimzidi, nyongo imempanda. Mara nyingi kusema hivyo hakuleti hasara. Hasara huja pale ambapo kifuko chenyewe kinaumwa kweli, na mgonjwa anakaa miezi mitatu akinywa mizizi na vidonge vya malaria, akitafuta kutoa nyongo isiyo na kosa. Moja ya magonjwa ya kifuko hicho ni saratani, au kansa kama wengi wetu tunavyosema.

Ni nani anayeipata?

Saratani ya kifuko cha nyongo si ya kawaida katika Afrika Mashariki. Huonekana zaidi Chile, Bolivia na kaskazini mwa India. Chile ina wagonjwa wengi kiasi kwamba tangu mwaka 2006 sheria ya nchi hiyo inampa mtu wa miaka 35 hadi 49 mwenye vijiwe vya nyongo vinavyomsumbua haki ya kuondolewa kifuko, ili saratani isije ikaanza. Kwetu hapa hakuna sababu ya kufanya hivyo. Katika eneo hili saratani ya ini, ile inayoletwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi. Lakini adimu si sawa na haipo, na dalili zake hufanana sana na za magonjwa mengine yanayotibika. Kwa hiyo ukizijua dalili hizi utafaidika hata kama ugonjwa wako si saratani.

Wanawake huipata zaidi kuliko wanaume, na wengi wao wamepita miaka 50. Wagonjwa wengi pia wana vijiwe ndani ya kifuko. Hivi ni vipande vigumu ambavyo nyongo hujitengenezea inapoganda, vingine kama chembe za mchanga, vingine kama punje ya mahindi au zaidi. Usiogope bure: watu wengi wenye vijiwe hawapati saratani kamwe, na wengine huishi navyo mpaka uzeeni bila kujua. Wagonjwa wa sikoseli hupata vijiwe wakiwa bado vijana, kwa sababu damu yao huvunjikavunjika na takataka zake hujaa kwenye nyongo. Kama una mtoto mwenye sikoseli na analia tumbo upande wa kulia baada ya kula, usiseme ni maumivu yale yale ya mifupa. Mlete apigwe picha.

Homa ya matumbo inaingiaje hapa?

Kati ya Desemba 2007 na Julai 2009 wilaya ya Kasese ilipata mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo, ambayo wengi tunaiita taifodi. Wachunguzi waliandika wagonjwa 577. Kati yao 249 walitobokwa utumbo, na 47 walikufa. Wadudu waliosababisha ugonjwa walikuwa wameshazizoea dawa kadhaa za kawaida. Baadaye, kati ya 2009 na 2011, ugonjwa uliendelea na kuhamia Bundibugyo pia. Kama uliishi upande huu wa mpaka miaka ile, huenda unaukumbuka.

Mdudu wa homa ya matumbo ana tabia ya kujificha. Homa ikishapoa na mgonjwa akarudi shambani, kwa watu wachache, kati ya 1 na 5 katika kila 100, mdudu hubaki amejificha ndani ya kifuko cha nyongo. Hupenda zaidi penye vijiwe, kwa sababu hujigandisha juu yake na dawa haimfikii vizuri. Mtu huyo haumwi. Anapika, anauza chapati, anabeba mtoto, lakini kila anapokwenda chooni hutoa wadudu. Huyu tunamwita mbebaji. Aliyejulikana sana duniani ni Mary Mallon, mpishi wa New York, ambaye mwaka 1907 aligunduliwa kuwa ameambukiza nyumba alizopikia huku yeye mwenyewe akiwa mzima.

Mdudu akikaa miaka mingi katika kifuko, ukuta wake huwashwa bila kupumzika, na huko ndiko saratani inakoweza kuanzia. Watafiti waliliangalia jambo hili huko Uskochi. Mwaka 1964 mji wa Aberdeen ulikuwa na mlipuko wa taifodi uliotokana na nyama ya kopo. Miaka 30 baadaye walitazama yaliyowapata watu wale. Walioumwa na kupona kabisa hawakuwa na saratani ya kifuko kuliko watu wengine. Waliokuwa wabebaji wa muda mrefu ndio walioipata mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo kama uliumwa taifodi ukatibiwa ukapona, usilale na hofu. Linalotakiwa ni kumaliza dawa zote ulizoandikiwa hata kama homa imeshuka siku ya tatu, na kuchemsha maji ya kunywa. Tena, usinunue kipimo cha Widali dukani ili kujua kama wewe ni mbebaji. Kipimo hicho huangalia alama katika damu ambazo hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, na kinaweza kusema ndiyo kwa mtu mzima kabisa. Watu wengi wamelipia dawa za taifodi mara nne kwa mwaka kwa ajili ya karatasi hiyo. Mbebaji hujulikana kwa kuotesha choo chake katika maabara, zaidi ya mara moja. Akipatikana, hupewa dawa kwa wiki nne hivi chini ya uangalizi wa daktari, na kama ana vijiwe huenda akashauriwa kuondoa kifuko.

Dalili zikoje?

Hapa ndipo penye ugumu. Saratani hii ikiwa changa mara nyingi haina dalili hata moja. Ikikua huleta maumivu chini ya mbavu za kulia, ambayo wakati mwingine hupanda mpaka bega la kulia au mgongoni. Vijiwe pia huleta maumivu ya namna hiyo, hasa usiku baada ya chakula cha mafuta, lakini ya vijiwe huja na kuondoka, na katikati mtu hukaa salama. Ya saratani hukaa, na huja pamoja na kukonda, kukosa hamu ya chakula, na pengine uvimbe unaogusika upande wa kulia.

Kisha kuna macho ya manjano. Tafadhali soma sehemu hii polepole, na msomee jirani asiyejua kusoma.

Macho ya manjano si ugonjwa mmoja. Malaria kali huyaleta. Homa ya ini huyaleta, na pombe kali, na sikoseli, na baadhi ya dawa za kifua kikuu, na dawa za mitishamba zinazochoma ini. Mtu mwenye macho ya manjano na homa kali, au aliyechanganyikiwa, au anayetoka damu, aletwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku. Huo ni mlango mmoja.

Mlango wa pili ni huu: macho ya manjano yanayoongezeka wiki baada ya wiki, mara nyingi bila homa. Mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Choo hupoteza rangi yake na kuwa cheupe kama majivu. Ngozi huwasha mwili mzima, mpaka mtu anajikuna usiku kucha na kutoka vidonda, na familia inadhani ni upele. Dalili hizi zikija pamoja zinaonyesha kwamba mrija wa nyongo umezibwa. Rangi ya choo hutokana na nyongo, kwa hiyo nyongo isipofika utumboni, choo hubaki cheupe. Inarudi kwenye damu, inaingia kwenye macho, kwenye ngozi na kwenye mkojo. Kinachoziba kinaweza kuwa kijiwe, ambacho hutolewa na mtu akapona. Kinaweza kuwa uvimbe wa kongosho, wa mrija wenyewe, au wa kifuko cha nyongo. Kwa macho tu hakuna anayeweza kujua ni kipi, awe daktari au mganga.

Mtu mzima mwenye choo cheupe na macho ya manjano anatakiwa apigwe picha ya tumbo ndani ya wiki ile. Mwezi ujao, baada ya kumaliza chupa ya dawa aliyopewa na shangazi, ni kuchelewa. Na kama mrija uliozibwa unaleta homa na kutetemeka, ni usaha ndani ya mirija, na hiyo ni hatari ya siku moja au mbili.

Vipimo vinafanyikaje?

Katika kliniki ya kambi mhudumu atakuuliza maswali, ataangalia macho yako kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya ndani hudanganya, na atabonyeza tumbo chini ya mbavu. Sema ukweli kuhusu pombe na dawa za kienyeji. Hakuna atakayekugombeza, na jibu lako linabadilisha matibabu. Utapimwa malaria, mkojo, na damu kwa ajili ya homa ya ini.

Hatua inayofuata ni picha ya tumbo, ile tunayoiita skani. Hupigwa katika hospitali kama Bwera, ambayo ni ya serikali na iko karibu na mpaka wa Mpondwe, au Kagando, ambayo ni ya kanisa na kwa hiyo kuna malipo. Haiumizi. Unapakwa mafuta baridi tumboni na mashine ndogo inapitishwa juu ya ngozi. Nenda bila kula tangu usiku, kwani ukila kifuko hujikamua na kuwa kidogo, na mpigaji picha hataona kitu. Kabla ya kupanda bodaboda, mwombe mhudumu wa kliniki aulize kwa simu kama mashine na mpigaji wapo siku hiyo.

Skani huona vijiwe vizuri sana. Huona kama mirija imepanuka, kama ukuta wa kifuko umenenepa, au kama kuna uvimbe ndani. Ikiona jambo la kutiliwa shaka, mgonjwa hupelekwa hospitali ya rufaa, Fort Portal au Mbarara, na pengine Kampala, apigwe siti skani inayoonyesha kama ugonjwa umeingia kwenye ini au kwenye tezi.

Watu wengi hutarajia kwamba kipande cha uvimbe kitachukuliwa kwa sindano kwanza. Kwa saratani ya kifuko ambayo bado inaweza kupasuliwa, madaktari mara nyingi hawafanyi hivyo, kwa sababu sindano inaweza kutawanya ugonjwa katika njia yake. Hutoa kifuko chote, kisha maabara ndiyo inayotoa jibu. Sindano hutumika pale ambapo upasuaji hauwezekani na daktari anataka kujua ni dawa gani itafaa.

Tena, saratani nyingi za kifuko hugunduliwa bila kutafutwa. Mtu amekwenda kutolewa vijiwe, na maabara inakuta saratani changa ndani ya ukuta wa kifuko. Kwa hiyo kama wewe au ndugu yako ametolewa kifuko katika hospitali yoyote, uliza: kifuko kimepelekwa maabara? Majibu yatatoka lini, na yatafika kwa nani? Usirudi kambini na kusahau. Jibu lililobaki mezani halimsaidii mtu.

Matibabu

Yote hutegemea saratani imefika wapi. Ukuta wa kifuko una tabaka kadhaa, kama kitunguu. Saratani ikiwa bado katika tabaka la ndani kabisa, kutoa kifuko peke yake mara nyingi kunatosha, na mgonjwa hupona. Ikiwa imeingia kwenye nyama ya ukuta au kuligusa ini, upasuaji huwa mkubwa zaidi: hutolewa kifuko, sehemu ya ini inayokishikilia, na tezi za karibu. Ini hustahimili jambo hilo, maana sehemu inayobaki hukua tena. Baada ya upasuaji wa namna hiyo wagonjwa wengi hupewa vidonge vya kapesitabini kwa miezi sita hivi, kupunguza hatari ya ugonjwa kurudi.

Ikiwa imeshasambaa, kisu hakisaidii tena. Kuna dawa za kutundikiwa kwenye mshipa, jemsitabini na sisplatini. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa hizo mbili pamoja waliishi miezi kadhaa zaidi kuliko waliopewa jemsitabini peke yake. Ni miezi, si miaka. Tunaliandika wazi ili familia isiuze ng'ombe wa mwisho kwa kudanganywa kwamba kuna sindano inayomaliza ugonjwa uliosambaa. Dawa za saratani hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1967, na Mbarara pia kuna huduma hiyo.

Mrija uliozibwa unaweza kufunguliwa hata kama saratani haitolewi. Daktari huingiza mrija mdogo wa plastiki au chuma ili nyongo ipite, au hutengeneza njia nyingine kwa upasuaji. Baada ya hapo macho husafika, choo hurudi rangi yake, na kuwasha huisha. Kwa mtu ambaye hajalala wiki sita kwa kujikuna, hiyo ni nafuu kubwa.

Rufaa ya mkimbizi

Kwa sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, katika hospitali za serikali unahudumiwa kama raia. Lakini usafiri, siti skani, dawa za saratani na chakula cha anayekuuguza ni gharama nyingine. Kwa hizo unahitaji barua ya rufaa kutoka kliniki ya kambi. Ukienda Mbarara au Kampala kwa nguvu zako bila barua, ni vigumu sana kurudishiwa fedha baadaye.

Kuna jambo lingine, gumu kulisema, lakini ni afadhali ulijue mapema. Rufaa za gharama kubwa hupitia kamati. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 2009 unaitaka kamati iangalie uwezekano wa mgonjwa kupona pamoja na gharama. Mgonjwa mwenye uvimbe mdogo unaopasulika ana nafasi nzuri ya kukubaliwa. Mwenye saratani iliyosambaa huenda akakataliwa matibabu ya Kampala. Wiki nane za kunywa mizizi zinaweza kumtoa mtu katika kundi la kwanza na kumwingiza katika la pili. Ukikataliwa, una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, na unaweza kuomba faili lako liangaliwe tena ikiwa kuna majibu mapya ya vipimo.

Maumivu yanatibika

Kukataliwa safari ya Kampala si kukataliwa matibabu ya maumivu. Uganda ina mofini ya maji ya kunywa, inayotolewa bila malipo, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu manesi na maofisa wa tiba waliofunzwa kuiandika, si madaktari peke yao. Kazi hii ilianza na Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, na tawi lake la Mbarara lilifunguliwa 1998. Dawa hutiwa rangi kulingana na nguvu yake, kwa hiyo usihamishe mofini kwenye chupa nyingine, na usimpe mtu mwingine hata kama tumbo lake linamuuma vile vile.

Tumesikia watu wakisema mofini ni dawa ya kumaliza mtu. Si kweli. Ikipimwa vizuri na kunywewa kwa saa zake, kila saa nne, mgonjwa hukaa, hula na huzungumza na watoto wake. Usingoje maumivu yarudi ndipo unywe. Siku mbili tatu za kwanza huleta usingizi, kisha mwili huzoea. Hufunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku ile ile unayopewa mofini.

Ukija kliniki kwa ajili ya haya tuliyoandika, njoo na kadi yako ya mgao au kitambulisho cha ukimbizi, karatasi zote za vipimo hata za Congo, na vidonge unavyotumia ndani ya pakiti zake. Kama choo kimebadilika rangi, mwambie mhudumu kabla hajakuuliza. Watu huona aibu kulitaja, na ndilo jambo ambalo anahitaji sana kulijua. Anayesindikiza awe mtu atakayeweza kubaki hospitalini siku kadhaa, na watoto waachwe kwa jirani anayejua kwamba huenda msirudi siku hiyo.